MREJESHO: Ile familia ya Perugia nimeipata

Wakuu, niliuliza nitaipataje familia iliyonipangisha chumba Perugia, Italia, enzi nasoma Kiitaliano pale Università per Stranieri (chuo kikuu cha wageni), kabla simu za mkononi hazijazagaa. Nimerudi.

Barua ya posta haikujibiwa. Aliyeniambia nikasome majina kwenye kengele za mlangoni, ubarikiwe sana. Wanawake wa Italia hubaki na ubini wa kwao hata wakiolewa, hivyo kengele moja mara nyingi ina majina mawili. La mzee halikuwepo. Amefariki, Mungu amrehemu. La mama lilikuwepo.

Alinitazama kidogo, akaniita jina langu kwa matamshi yaleyale mabovu! Bintiye niliyemwacha chekechea sasa ana watoto. Tukala torta al testo, mkate bapa kama chapati nene. Wao waliweka nyama ya nguruwe, mimi nikapewa wa jibini na mboga bila kuulizwa. Bado anakumbuka.

Mji wenyewe umebadilika kiasi. Tangu 2008 kuna Minimetrò, vibehewa visivyo na dereva, vinakupandisha kilimani kutoka stesheni.

Sasa naomba tena: binti anakuja Zanzibar na wanawe. Mwenye kujua nyumba ya kupanga Jambiani, si hoteli, aniambie.