Mtoto akisoma macho yanarukaruka, shida ni macho au ni nini?

MamaJ_Ipagala: Wakuu habari zenu. Kijana wangu yuko la tatu hapa Dom, kichwa kizuri tu, hesabu za mdomo anajibu kabla sijamaliza kuuliza, ila mpe kitabu sasa. Anaanza sentensi anarudi nyuma, anaruka mstari, anaweka kidole na bado anapotea. Nimekaa pembeni nikamwangalia, macho yanaenda yanarudi kama yanatafuta sarafu iliyoanguka. Hospitali wamempima wanasema anaona vizuri mbali na karibu. Sasa kuna jamaa kaniambia ni disleksia, yaani ile shida ya kusoma inayowapata hata watoto wenye akili, na dawa yake ni miwani ya rangi na mazoezi ya macho, bei aliyotaja hata siiandiki hapa. Kweli macho ndo yenye shida?

ticha_nkuhungu: Dada hiyo hela kaa nayo kwanza. Macho ya kila mtu akisoma yanaruka, hayatelezi. Yanatua kama robo sekunde, yanaruka herufi 7 au 8, yanatua tena, na hata msomaji mzuri anarudi nyuma mara moja moja. Mwenye disleksia anatua mara nyingi zaidi na anakaa zaidi kila anapotua, miruko mifupi, kurudi kwingi, hilo kamera zimeshaonyesha. Ubishi ulikuwa kipi kinamvuta mwenzake, macho ndo yanaharibu kusoma au ugumu wa kusoma ndo unayarusha macho. 1981 mtafiti mmoja, Pavlidis, alisema macho ya hawa watoto yanayumba hata wakifuata vitaa tu bila maandishi, ila wengine walivyorudia hawakupata hicho kitu. Shida kubwa iko kwenye kuunganisha herufi na sauti, macho yanarudi kwa sababu neno halijaeleweka. Hata wewe nikupe mkataba wa kisheria macho yatarudi rudi. Na madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko 2009 kwamba hizo miwani za rangi na mazoezi hazina ushahidi wa kutibu.

Mgogo_Original: Sikatai mkuu ila wangu alikuwa haoni karibu kabisa na miwani ya kawaida ikamsaidia, so kupima macho msidharau.

ticha_nkuhungu: Sawa kabisa, ila wa dada keshapimwa. Dada hebu mpe kitabu cha la kwanza halafu mwangalie macho.

MamaJ_Ipagala: Nimejaribu jioni hii na kitabu cha mdogo wake. "Baba analima", "mama anapika", macho yametulia kabisa jamani!! Kufika "wakamfungulia" akaganda, wa-ka, wa-ka-mfu, akarudi mwanzo. Akiyafika maneno marefu ndo balaa. Sasa mtu wa kumfundisha namtoa wapi huku?

ticha_nkuhungu: Kiswahili chetu kinasomeka kama kinavyoandikwa, ndo maana watoto wengi wenye disleksia hawakosei sana, wanachelewa tu, halafu wanaitwa wavivu. Mtafute mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) anayefundisha la kwanza, wale silabi wanaziweza, muda mfupi kila siku inatosha kuanzia. Neno refu mkatieni vipande kwa penseli. Na mwambie ticha wake wa darasa asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake kwa sasa.