Kiu ya Zuhura: gumzo la kikundi cha familia

*Jumapili*

03:12 Zuhura: Kuna aliye macho?

03:14 Zuhura: Haya, laleni salama. Ndiyo nimetoka chooni mara ya nne. Chupa ya lita moja niliyoiweka kando ya kitanda saa nne imekwisha, na ulimi bado umenata kwenye kaakaa.

03:17 Zuhura: Sijawahi kuyaandika haya hapa. Nimechoka kutafuta visingizio. Nikikataa kusafiri nanyi mnadhani najitenga. Siwezi kukaa saa mbili kwenye basi bila choo, basi. Kazini nimeomba meza iliyo karibu na mlango. Nikizungumza dakika tano mfululizo mdomo unakauka hadi maneno yanakwama. Huu ni mwezi wa tano tangu ianze.

03:31 Mama: Niko macho mwanangu. Nilisikia mlango. Nakuja chumbani kwako.

06:40 Shangazi Mwanaidi: Nimeamka nimeyakuta haya. Zuhura, hiyo ni sukari. Mimi ilinianza hivyohivyo, nikapuuza, nikaja kuanguka. Walipopima walikuta 24. Kapime leo.

06:52 Zuhura: Shikamoo Shangazi. Nimeshapima mara 3. Asubuhi kabla ya kula ilikuwa 5.1. Nikapimwa na ile ya miezi mitatu, nayo nzuri, asilimia 5.2. Daktari akaniambia sina kisukari, nikapumzike, huenda ni mawazo.

06:55 Shangazi Mwanaidi: Marahaba mama. Mawazo yanakojolesha mtu usiku kucha?

07:05 Salim: Tatizo ni maji yenyewe. Anayekunywa sana atakojoa sana. Anza leo, mwisho wa maji saa kumi na mbili jioni. Kibofu kitazoea. Utaniambia.

07:09 Zuhura: Sawa kaka. Nitajaribu.

*Jumatatu*

01:48 Mama: Salim pokea simu

01:50 Mama: Amefuata ulivyosema. Tangu saa kumi na mbili hajagusa maji. Chooni ameenda mara tano, na mkojo ni mwingi vilevile. Kichwa kinamgonga, midomo imepasuka, aliposimama akayumba nikamdaka. Nimempa maji, glasi nne kazimaliza bila kuvuta pumzi.

01:53 Salim: Nakuja.

05:58 Rehema: Nimetoka zamu hospitalini sasa hivi, nimesoma yote nikiwa nimesimama koridoni. Zuhura uko vipi?

06:01 Zuhura: Nafuu. Nakunywa.

06:02 Rehema: Endelea kunywa. Mtu yeyote asimnyime maji tena. Kaka Salim, najua hukukusudia mabaya, wengi wangemwambia hivyohivyo. Lakini fikiria kilichotokea usiku. Kama shida ingekuwa maji anayokunywa, angeacha kunywa na mkojo ungepungua na kuwa wa njano kukolea. Yeye ameacha na mwili umeendelea kumwaga. Hapo kiu ndiyo inayomlinda. Anakojoa ndipo anakunywa, si kinyume chake.

06:04 Salim: Nimekaa naye tangu saa nane usiku. Sina la kusema. Nisamehe Zuhura.

06:05 Zuhura: Hata mimi nilikuamini kaka. Nilitaka iwe rahisi hivyo.

06:11 Rehema: Shangazi shikamoo. Uliyosema kuhusu sukari ni ya kweli, na ndicho kipimo cha kwanza kwa kila mtu mwenye dalili hizi. Ila sukari huanza kumwagika kwenye mkojo ikishapita kama 10 kwenye damu, ndipo inavuta maji kwenda nayo. Kwa 24 yako ulikuwa unakauka kama kitambaa juani. Mwenye 5.1 hawezi kukojolea kwa njia hiyo. Kwa hiyo sukari tumeiondoa. Kosa lililofanyika ni kuishia hapo.

06:13 Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Basi tuambie tufanye nini.

06:15 Rehema: Zuhura, nijibu bila aibu, hapa ni kwetu. Kila ukienda ni mwingi, au ni matone na inauma?

06:17 Zuhura: Mwingi. Kila mara. Hauumi. Hauna rangi, kama maji ya bomba.

06:18 Rehema: Ingekuwa kidogokidogo na kuchoma ningewaza maambukizi ya njia ya mkojo, hayo ni mambo mengine. Ilianza taratibu au ghafla?

06:20 Zuhura: Ghafla. Naikumbuka hata wiki. Nilidhani ni joto. Na nataka ya baridi tu, ya uvuguvugu hayanikati kiu.

06:21 Rehema: Dawa? Zozote, hata za kununua mwenyewe.

06:22 Zuhura: Ile ya mzio tu, ya kuwashwa. Nimeiacha wiki tatu, hakuna kilichobadilika.

06:24 Rehema: Dawa za mzio hukausha mdomo, hata baadhi ya dawa za sonona na za presha. Mtu anakunywa maji ili kulowesha mdomo, na akikunywa mengi atakojoa mengi. Lakini ukiacha dawa ingetulia. Lithiamu je, ile dawa ya maradhi ya akili, uliwahi kupewa?

06:25 Zuhura: Hapana.

06:25 Rehema: Kuumia kichwa? Kuona kumebadilika? Hedhi?

06:27 Zuhura: Sijaumia. Macho sawa. Hedhi iko palepale.

06:29 Rehema: Vizuri. Sasa tupime. Daktari ukimwambia "nakojoa sana" ataandika "anakojoa sana". Ukimwambia lita ngapi, atakaa sawa kwenye kiti. Kesho ukiamka, mkojo wa kwanza umwage, uandike saa. Kuanzia hapo kila tone, mchana na usiku, liingie kwenye chombo chenye alama, hadi ule wa kwanza wa keshokutwa, saa ileile. Huo wa mwisho unahesabiwa. Na uandike kila unachokunywa. Kunywa kama mwili unavyotaka, usijibane.

06:33 Idi: Dada nimekuchorea jedwali. Saa, ulichokunywa, ulichotoa. Jaza tu nitajumlisha mimi.

06:34 Zuhura: Mdogo wangu wewe 🙏

*Jumatano*

07:22 Idi: Amemaliza. Amekunywa lita 7.6. Ametoa lita 7.1. Nimerudia hesabu mara mbili.

07:23 Shangazi Mwanaidi: Lita saba!!

07:24 Mama: Na mimi nikimwambia apunguze chai.

07:30 Rehema: Mtu mzima kwa kawaida hutoa lita 1 hadi 2 kwa siku. Ikipita 3 tayari tunasema imezidi. Zuhura, kwa miezi mitano umekuwa ukifanya kazi ya kujaza pipa lenye tundu, na ukaenda kazini kila siku. Pole sana. Mawazo hayawezi kuwa jibu la haraka la lita saba.

07:33 Idi: Kwani maji yote hayo yanatokaje?

07:41 Rehema: Figo huchuja kama lita 180 kwa siku, Idi. Karibu zote zinarudishwa mwilini. Ubongo una homoni, vasopresini, inatengenezwa ndani ya ubongo na kuhifadhiwa kwenye tezi ndogo iliyo chini yake. Homoni hiyo ndiyo inayoziambia figo "yarudisheni maji". Homoni ikikosekana, au figo zikawa haziisikii, maji yanapita tu. Lithiamu inaweza kuzifanya figo zisisikie, ndiyo maana nilimuuliza. Kalsiamu ikipanda sana au potasiamu ikishuka nayo hivyohivyo. Na wapo wanaokunywa mno kwa sababu hisia yenyewe ya kiu imeharibika, hao nao wanaumwa, hawajifanyi.

07:43 Salim: Jina lake?

07:49 Rehema: Zamani uliitwa dayabetisi insipidasi. Neno la kwanza lina maana ya kupitiliza, la pili ni kutokuwa na ladha, maana zamani matabibu walikuwa wakionja mkojo, wa kisukari mtamu, huu hauna ladha. Mwaka 2022 wataalamu wa homoni waliubadilisha jina, sasa ni upungufu wa vasopresini, au ukinzani wa vasopresini ikiwa shida iko kwenye figo. Hawakubadilisha kwa urembo. Kuna wagonjwa waliolazwa kwa jambo jingine, wahudumu wakasikia "dayabetisi", wakahangaika na sukari na kuwakosesha dawa yao. Wapo waliokufa. Hili huwa naliwaza kila nikiingia zamu.

07:51 Rehema: Lakini sijasema Zuhura anao. Nasema aende na karatasi hiyo.

*Ijumaa*

13:05 Zuhura: Nimetoka. Daktari mwingine safari hii. Jedwali la Idi amelisoma lote, akauliza nani kalichora. Amepima damu na mkojo. Kalsiamu sawa, potasiamu sawa, figo zinachuja vizuri. Sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, 145.

13:09 Rehema: Kawaida ni 135 hadi 145. Uko kwenye ukingo wa juu. Anayekunywa kupita kiasi mara nyingi huwa chini, maji yanaizimua damu. Wewe uko upande wa pili, wa kukauka. Amekupeleka kwa daktari wa homoni?

13:10 Zuhura: Ndiyo. Jumanne. Kipimo cha kunyimwa maji. Nimelia kidogo kwenye ngazi. Sijui ni hofu au ni kwa kuwa mtu amenisikiliza.

13:12 Mama: Vyote viwili mwanangu.

13:20 Salim: Jumanne nakupeleka mimi. Nimeshaomba ruhusa kazini.

13:26 Rehema: Kipimo hicho kinafanyika kule tu, chini ya uangalizi. Nyumbani ni hatari, mmeona wenyewe. Watakupima uzito na mkojo mara kwa mara, na uzito ukipungua kama asilimia 3 wanasitisha.

21:15 Shangazi Mwanaidi: Rehema mwanangu, na mimi nina la kuuliza. Mjukuu wangu wa miaka 6 wiki hii anaomba maji kila saa, na amekojoa kitandani usiku wa jana na juzi. Alishaacha siku nyingi.

21:16 Rehema: Amekonda?

21:17 Shangazi Mwanaidi: Suruali inamlegea.

21:17 Rehema: Shangazi mpime kwa kipimo chako sasa hivi. Mnawishe mikono kwanza. Usisubiri asubuhi.

21:29 Shangazi Mwanaidi: 19.8

21:30 Rehema: Mpelekeni hospitali usiku huu huu. Mwambieni daktari namba hiyo mlangoni kabisa. Akianza kutapika, kupumua kwa nguvu au kusinzia, mseme hayo pia. Nawapigia.

21:31 Salim: Nipo njiani na gari.

*Jumamosi*

04:44 Shangazi Mwanaidi: Wamempokea. Ana dripu na insulini. Daktari anasema tumewahi kabla damu haijachacha. Kalala. Zuhura, usingeandika ile Jumapili nisingeuliza.

04:46 Zuhura: 😭 Mungu amsimamie.

*Jumanne*

16:38 Salim: Wamemaliza. Alianza saa mbili asubuhi. Saa nane mchana uzito ulikuwa umeshuka karibu kilo 2, mkojo bado kama maji. Hawakumwacha aendelee. Wamemchoma sindano ya desmopresini, dawa inayofanya kazi ya ile vasopresini, na baada ya saa moja na kitu mkojo ukapungua, ukaingia rangi ya njano. Muuguzi alinionyesha vikopo viwili pamoja. Sikudhani ningewahi kufurahia kuona mkojo wa njano.

16:41 Rehema: Figo zinasikia basi. Ni homoni iliyokosekana.

16:43 Zuhura: Ndivyo alivyosema. Chanzo hakijulikani bado. Nitapigwa picha ya MRI ya kichwa waiangalie tezi. Amesema wapo ambao hawakuti chochote, na dawa inafanya kazi vilevile.

16:44 Zuhura: Salim naye hakunywa maji kutwa nzima. Nilimwambia kunywa, akakataa.

16:52 Mama: Nyote wawili njooni nyumbani.

18:20 Zuhura: Nimepewa vidonge. Nianze na kimoja usiku.

18:27 Rehema: Sasa sikiliza kwa makini, ni kinyume cha yote niliyokwambia. Dawa ikiwa ndani, figo zinashika maji. Miezi mitano umezoea kunywa hata kabla ya kiu. Acha hayo mazoea. Kunywa ukiwa na kiu, ukiridhika weka glasi chini. Ukijaza maji juu ya dawa sodiamu itashuka. Kichwa kikiuma, ukisikia kichefuchefu, ukianza kuchanganyikiwa, usimeze kingine, nenda hospitali. Wamekupangia kurudia sodiamu?

18:28 Zuhura: Ijumaa.

18:29 Rehema: Usikose. Na dawa isikae mbali nawe.

18:35 Idi: Nimemwandikia kadi ya kuweka kwenye pochi. "Nina upungufu wa vasopresini. SI kisukari. Natumia desmopresini. Msininyime dawa wala maji." Rehema isahihishe.

18:37 Rehema: Ongeza "Pimeni sodiamu". Mengine yaache hivyohivyo.

*Jumatano*

06:19 Zuhura: Nimeamka mara 1 usiku kucha. Mara moja! Chupa imebaki na nusu.

06:20 Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillah. Mjukuu naye ameamka anataka kucheza.

06:24 Mama: Mimi nimeamka mara tatu, nasikiliza mlango.