Tupeane uzoefu: Laibrari za bure (msimbo wa programu ulioandikwa tayari na wengine) au kuandika mwenyewe, kipi kimewahi kukuponza?

Wakuu, heshima kwenu. Niko Mwanga, Kigoma, natengeneza mifumo midogo ya biashara. Naanza na yangu.

Mwaka 2024 nilimfungia mama mmoja muuza dagaa pale Kibirizi mfumo wa kuhesabu magunia. Data zote humo humo kwenye kompyuta yake, nikajigamba kwamba hahitaji intaneti. Kumbe vitufe, mwonekano, hata kisanduku cha kuchagua tarehe, vyote nilikuwa navivuta kutoka seva za nje. Si unabandika mstari mmoja tu kazi imeisha? Mei 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, mtandao ukawa wa kubahatisha. Na kompyuta ilikuwa mpya, brauza haina akiba ya chochote. Simu ikaita: "Mwanangu, mashine yako imebaki maandishi matupu, na boti limeshafika." Tukarudi kwenye daftari. Baadaye niliyashusha yale mafaili nikamwekea palepale. Hayafiki hata megabaiti 2!

*Wa Ujiji:*
Pole mkuu. Mimi yangu ni Machi 2016, nikiwa chuo. Azer Koçulu aligombania jina na kampuni ya Kik, akakasirika, akaondoa pakeji zake zote (vifurushi vya msimbo) kwenye npm, ghala la mtandaoni ambako watengeneza programu huchukua msimbo. Mojawapo left-pad, mistari 11, kazi yake kujaza nafasi kushoto mwa maneno. Sikuwahi hata kuisikia, ila pakeji nilizotumia zilikuwa zinaitegemea. Mradi ukagoma. Nikadhani bando limekata, nikaenda kununua vocha.

*Wa Isevya, Tabora:*
Mimi niko kinyume chenu. Nilijifanya fundi, nikawaandikia wafuga nyuki fulani mfumo, sehemu ya paswadi nikaitunga mwenyewe. MD5 tupu (njia ya zamani ya kuficha paswadi, rahisi kuvunjwa), bila chumvi, yaani bila herufi za nasibu za kuchanganya na paswadi kabla ya kuificha. Kijana wa field akaomba kuijaribu, kabla chai haijapoa kanisomea paswadi ya mwenyekiti: jina la mkewe na 123. Siku hizi natumia bcrypt, njia iliyotengenezwa mahususi kulinda paswadi, sibuni kitu hapo. Tarehe na risiti naandika mwenyewe.

*Wa Mwanga:*
Sasa mwenyekiti ulimwambiaje?

*Wa Isevya, Tabora:*
Nilimwambia mfumo unaboreshwa, abadilishe paswadi. Akaweka jina la mke mdogo.