Naombeni ushauri: mtia nia anataka kutupaulia kanisa, mchungaji amekubali, mimi ndiye katibu wa kamati ya ujenzi

Kisiki_Hai (mtoa mada)
Bwana Yesu asifiwe wakuu, na wasio Wakristo habari zenu. Niko Nyanda za Juu Kusini, dhehebu silitaji. Kanisa la mtaa wetu kuta zilifika lenta muda mrefu, michango ikakata. Tunasali chini ya turubai, masika yakianza ibada inaishia katikati, watoto wanalowa.

Kata yetu inaingia uchaguzi mdogo wa udiwani. Kuna ndugu mmoja mzaliwa wa hapa, mfanyabiashara mjini, ametia nia. Amesema bati na mbao zote ni juu yake. Mchungaji amempangia "salamu" Jumapili baada ya mahubiri. Barua ya kupokea msaada inatakiwa isainiwe na mimi, na roho inasita. Nikikataa nitaitwa mpinga maendeleo. Nikisaini, nahisi nimeuza kitu kisicho changu. Nisaini au nisisaini? Silali vizuri.

Dada_wa_Alto
Pole kaka. Ingia kwenye maombi kwanza.

Kwetu kuna mgombea alitoa kinanda na spika mbili, tukamwimbia mpaka tukakauka koo. Akaanguka kura za maoni za chama chake. Jumanne tuko mazoezini, vijana wawili wakaingia, shikamoo hawatoi, wakachomoa nyaya, wakazikunja na kubeba kila kitu. Mwalimu wa kwaya akabaki ameshika karatasi ya noti. Mpaka leo tunaimba bila ala.

Mzee Kipanga
Wanangu, siasa na madhabahu havikai chungu kimoja. Warumi 13:1, kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu. Kazi yetu ni kuwaombea viongozi na kunyamaza. Siasa ni uchafu, Mkristo akae mbali nayo.

Mbarikiwa_wa_Musoma
Shikamoo mzee wangu, hapo naomba nipingane nawe kwa heshima. Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa misa ya asubuhi na nchi akaiongoza, na jimbo Katoliki la Musoma ndilo lililofungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York kwamba Kanisa lisiposimama na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza, watu watalihesabu upande wa dhuluma. Hakuwaambia wanyamaze.

Tena kitabu hichohicho kina Matendo 5:29, imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Nathani alimwendea Daudi ikulu akamwambia wewe ndiwe mtu huyo. Wachungaji kwenye siasa tumewaona: marehemu Mtikila, Mama Rwakatare, Msigwa wa Iringa, Gwajima wa Kawe. Uwapende usiwapende, Katiba haikuwazuia.

Tumsifu
Kwetu Wakatoliki padri hagombei, Sheria ya Kanisa kanuni ya 285 inamkataza kushika cheo cha serikali. Mlei anagombea, na anahimizwa. Maaskofu wa TEC, baraza la maaskofu Katoliki Tanzania, walipotoa tamko la mkataba wa bandari Agosti 2023 likasomwa makanisani, kuna walionuna kwamba Kanisa limeingia siasa. Mimi nilikuwa misani siku hiyo. Hakuna aliyeambiwa ampigie nani kura. Walizungumzia mali ya nchi. Hilo naliona tofauti kabisa na mtu mmoja kuja na bati zake na jina lake.

Wa Kiambu
Salamu kutoka Kenya. Haya ya harambee za wanasiasa tumeyaonja miaka mingi. Septemba 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit wa Anglikana aliwapiga wanasiasa marufuku kuhutubia madhabahuni. Halafu Novemba 2024 Rais Ruto akaenda Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, akatoa milioni 2 za nyumba ya padri pamoja na laki 6, akaahidi milioni 3 nyingine na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Anyolo akaagiza pesa zirudishwe na ahadi isipokewe. Waumini wengine walilia kwa furaha, wengine wakauliza nyumba ya padri sasa itajengwa na nani. Swali zuri, lakini jibu liwe la waumini wenyewe.

Chumvi_Mawe
Nyie bisheni, mimi niko kwa mabati. Geji gani, yaani unene wake? Kama ni 30 mkatae kwa jina la Yesu, kama ni 28 mwacheni asalimie mpaka jioni.

Mama Tuli
Mtoa mada, umeandika "anataka kutupaulia". Hizo bati ziko wapi muda huu?

Kisiki_Hai
Zipo.

Mama Tuli
Zipo wapi, baba? Dukani, kwake, au kwenu?

Kisiki_Hai
Zipo kwenye eneo la kanisa. Upande wa mashariki umeshapigwa. Msinielewe vibaya. Lori lilifika nikiwa shamba, nikakuta akina mama wanashusha huku wanapiga vigelegele. Ningesimama mbele ya lori nianze kusoma katiba ya kanisa? Barua bado sijasaini, ndiyo maana nauliza.

Na mjue Biblia inayo mifano. Mfalme Koreshi wa Uajemi hakuwa hata mtu wa imani, akaamuru hekalu lijengwe. Nehemia alipewa barua ya mfalme akachukua miti kwenye msitu wa mfalme. Mungu anatumia mtu yeyote.

Mbarikiwa_wa_Musoma
Habari hiyo ya Koreshi iko kitabu cha Ezra, basi soma na sura ya 4. Walikuja watu wakasema tujenge pamoja nanyi, Zerubabeli akawakatalia. Koreshi alikuwa ameshatawala, hakuwa anatafuta kura za Wayahudi. Soma na Mwanzo 14, Abramu na mfalme wa Sodoma: sitatwaa uzi wala gidamu ya kiatu, usije ukasema, Nimemtajirisha Abramu. Huo ndio mstari wako ndugu. Jengo litakapokamilika mtu atasimama aseme mimi ndiye niliyewapaulia, na mchungaji hatakuwa na ubavu wa kumkemea hata akiiba fedha za kata.

FundiPaa
Hapa pana chai, hadithi ya kutunga. Asubuhi mnasali chini ya turubai, kuta zipo lenta. Jioni upande mmoja una bati. Kenchi, zile fremu za mbao za paa, mmepiga saa ngapi? Nimepaua makanisa, jengo la kawaida kenchi peke yake fundi na wasaidizi wanahangaika nazo siku kadhaa kabla bati haijapanda.

Chumvi_Mawe
Chai ya maziwa kabisa, na maandazi.

Jicho_la_Kata
Mimi nanusa kingine. Huyu ni wa kambi pinzani. Uchaguzi mdogo, mfanyabiashara mzaliwa anayeishi mjini, Nyanda za Juu Kusini, hapo watu watamjua ni nani. Uzi umeandikwa kumchafua mtu. Mods muutazame.

Dada_wa_Alto
Hata mimi nimeanza kusita. Kaka kama ni hadithi sema tu, tumeshaanza kukuombea.

Kisiki_Hai
Si hadithi. Kenchi tulipiga wenyewe kwa mavuno ya mahindi, ziko juu tangu mwaka jana, papi za kugongomea bati zikakosekana hela. Turubai limefungwa ubavuni mwa jengo, tunasalia hapo kwa sababu ndani kuna vipande vya mbao na misumari. Na mimi sina kambi. Ningekuwa napiga kampeni ningetaja jina.

FundiPaa
Sawa, hiyo inaeleweka. Chai nimeirudisha jikoni.

Mama Tuli
Mimi bado sijaridhika. Mtu wa mjini, mwenye pesa, barua ya katibu wa kamati anaitakia nini? Angemaliza na mchungaji. Kuna kitu gani kiko mikononi mwako?

Kisiki_Hai
Mama, unauliza kama mpelelezi.

Katibu ndiye anayetunza daftari la washarika. Majina, namba za simu, jumuiya, nani anaishi kitongoji gani. Aliomba "orodha ya wanufaika" iambatane na barua. Nakala nimempa. Barua ndiyo sijasaini. Sioni kosa kubwa, namba zenyewe zimejaa kwenye magroup ya WhatsApp, na alisema anataka kuwatakia watu heri ya sikukuu.

Mama Tuli
Basi ulipaswa kuanzia hapo.

Sheria_Mkononi
Ndugu katibu, nisikilize vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na imani ya mtu ya kidini imo kwenye taarifa nyeti. Mama wa jumuiya alikuandikia namba yake ili umpigie msiba ukitokea. Hakukupa umgawie mgombea. Kuwepo kwenye group hakukupi ruhusa.

Suala la bati nalo lisichukuliwe kirahisi. Takrima, yaani mgombea kukirimu wapiga kura, iliwekwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006 kwa sababu inampa mwenye pesa nafasi asiyonayo maskini. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, zawadi za kushawishi wapiga kura ni kosa. Kampeni kwenye nyumba ya ibada ndiyo kabisa, maadili ya uchaguzi yanaikataza. "Salamu" za mtia nia aliyepaua zina tofauti gani na kampeni? Mkiulizwa na TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, jina litakaloonekana kwenye karatasi ni lako, la mchungaji halitakuwepo.

Kisiki_Hai
Mnanisema kana kwamba nimekula hela. Sijapokea hata nauli. Nyinyi mnasali kwenye makanisa yenye feni. Jumapili iliyopita tumebatiza mtoto chini ya turubai linalovuja, maji ya ubatizo na ya mvua huwezi kuyatofautisha. Halafu mtu anakuja na bati, nimwambie rudi nazo?

Mbarikiwa_wa_Musoma
Hakuna anayekudharau. Uchungu wako ni wa kweli, na ndiyo maana mtu wa namna hiyo anakuja kwenu na haendi kwenye kanisa lenye feni.

Mzee Kipanga
Nilisema siasa ni uchafu. Hapo kwenye daftari nimeumia. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa, daftari lile lina majina ya wajane na wagonjwa. Mwanangu, lirudishe.

Wa Kiambu
Njia ya katikati ipo. Aje ibadani, akae kwenye benchi kama wengine, atoe sadaka kwenye kapu kama wengine, asishike maikrofoni. Akikubali, huenda alitoa kwa moyo. Akikasirika, mtajua bati zilikuwa za nini.

Jicho_la_Kata
Na wapinzani wake ambao ni washarika hapo je? Watasali chini ya paa la mshindani wao wakijisikiaje? Kanisa ni lao pia.

Kisiki_Hai
Hilo la wapinzani limenigusa, maana mmoja ni mzee wa kanisa letu na tangu lori lije hajaonekana ibadani. Nilidhani anaumwa.

Nimeongea na mchungaji jioni hii. Hajafurahi, ila amekubali baraza la wazee likae Jumamosi, kabla ya hizo salamu. Barua sitasaini. Bati kuzing'oa siwezi, kina mama watanitoa roho. Nitapendekeza tuzihesabu kama mkopo, tumlipe kidogo kidogo. Orodha nimempigia anirudishie, anasema vijana wake wameshaingiza namba kwenye simu.

Sheria_Mkononi
Mwandikie, usimpigie. Barua yenye tarehe, mtake azifute, nakala abaki nayo mchungaji. Halafu Jumapili waambieni washarika kwamba namba zao zimetoka. Wana haki ya kujua kabla meseji hazijaanza kuingia.

Dada_wa_Alto
Weka namba ya kanisa tuchangie bati mbili tatu.

Mama Tuli
Hapana, hela isitumwe kwenye uzi, hatumjui mtu hapa. Mwenye moyo akachangie kanisa la mtaani kwake, nako kunavuja.

FundiPaa
Katibu, nipe urefu wa jengo, upana, na bati zenu ni za futi ngapi. Nakupigia hesabu ya upande uliobaki, papi, misumari na kofia, uingie nayo kwenye kikao Jumamosi. Zilizokwisha kupigwa panda uzihesabu mwenyewe moja moja. Deni hilo mlijue kwa idadi kabla yeye hajawatajia bei yake.