Trekta la bustani lililotumika, la kulimia na kuondolea theluji: nichague lipi?

Mkulima_wa_Minnesota

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaishi nje kidogo ya Minneapolis, na mwaka huu tumehamia kwenye nyumba yenye uwanja wa ekari moja hivi. Robo ekari ya uwanja huo, ambayo kwa sasa ni nyasi tupu juu ya udongo wa mfinyanzi, ninataka kuilima sukuma wiki, mnavu, mgagani, kunde na mahindi kidogo ya kuchoma, kwa ajili yetu na kwa familia za kwetu zilizo karibu, ambazo hununua mboga hizo zikiwa zimegandishwa kama mawe. Njia ya kuingilia gari ina urefu wa mita 60, ni ya changarawe, na inaishia kwenye barabara kuu, ambako magari ya kuondoa theluji yakipita huacha ukuta wa theluji iliyoshindiliwa mlangoni pangu. Msimu uliopita niliuchimba kwa koleo, na mgongo wangu haujapona mpaka leo.

Nina dola 3,000 na nimepata matrekta mawili. La kwanza lina umri wa miaka sita, injini yake ni ya nguvu farasi 24, linakuja na mashine ya kukatia nyasi pekee, na muuzaji anataka dola 1,400, akisema kwamba vifaa vingine nitavinunua baadaye. La pili ni John Deere 318 la mwaka 1986, lenye injini ya Onan ya nguvu farasi 18, pamoja na rotaveta ya nyuma (mashine ya visu vinavyozunguka kuvuruga udongo) na mashine ya mbele ya kutupa theluji yenye upana wa inchi 47, na yote kwa jumla ni dola 2,600. Moyo wangu unaelekea kwenye lile jipya lenye nguvu zaidi, kwa sababu ninaogopa kutegemea mashine ya karibu miaka 40 asubuhi yenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Je, ninakosea?

Fundi_Mnyakyusa

Kaka, nipo hapa Wisconsin, jirani yako, na kwa miaka mingi nimekuwa nikifungua na kufunga matrekta haya madogo. Naomba usinunue lile la kwanza kwa kazi uliyoieleza.

Namba ya nguvu farasi iliyobandikwa kwenye boneti inakueleza injini tu, na katika trekta la kulimia injini si kitu cha kwanza kushindwa. Kinachoshindwa ni giaboksi na ekseli ya nyuma. Hapa Marekani matrekta yanayofanana kwa sura ni ya aina mbili. Lipo la kukatia nyasi, lenye fremu ya bati lililokunjwa, tairi ndogo za nyuma na giaboksi ndogo ya haidrostatiki, yaani inayosukuma magurudumu kwa presha ya oili, iliyokusudiwa kubeba uzito wa dereva na kusukuma mashine ya nyasi kwenye uwanja tambarare. Lipo pia la bustani hasa, lenye fremu ya chuma kizito, tairi pana na ekseli iliyotengenezwa ili kifaa kiingie ardhini na trekta lisimame imara. Ukilifunga lile la kwanza kwenye kazi ya udongo wa mfinyanzi, oili ya giaboksi hupata moto sana na kuwa nyepesi, presha hushuka, na baada ya nusu saa utakanyaga pedali trekta lisisogee. Nyingi za giaboksi hizo hazina hata nati ya kumwagia oili chakavu. Mimi mwenyewe nilipofika nchi hii nilinunua trekta la namna hiyo, nikalifungia bamba la kusukumia theluji, na kabla ya majira ya baridi kwisha ekseli ilikuwa imekufa. Bei ya kuibadilisha ilikaribia bei niliyolinunulia trekta lenyewe.

Jambo la pili ni vifaa. Watu hununua trekta kwanza halafu wakaanza kutafuta rotaveta, na hapo ndipo pesa zinapokwisha, kwa sababu rotaveta ya trekta la zamani haiingii kwenye trekta lolote tu; ina vishikizo vyake, mikanda yake na shafti yake, na mwenye nayo anajua thamani yake. Muuzaji wako wa pili anakupa vifaa viwili vilivyokwisha kufungwa na kufanya kazi. Katika zile dola 2,600, mimi ningehesabu kwamba zaidi ya nusu ni bei ya vifaa hivyo.

John Deere 318 ilitengenezwa kuanzia 1983 hadi 1992. Uzito wake unakaribia kilo 400, usukani wake unasaidiwa na haidroliki, na vifaa hunyanyuliwa kwa haidroliki pia, jambo ambalo utalishukuru kila unapofika mwisho wa tuta na kuinua rotaveta. Mwendo wake ni wa haidrostatiki, maana yake injini inazunguka kwa kasi yote huku trekta likitambaa polepole kadiri unavyotaka. Kwa rotaveta na kwa theluji nzito hilo ni jambo kubwa kuliko nguvu farasi sita za ziada. Matrekta mengi ya zamani yenye gia za kawaida ni imara sana, lakini gia yao ya kwanza huenda haraka mno, na rotaveta hubaki ikirukaruka juu ya udongo badala ya kuukata.

Iwapo hilo litakuponyoka, usikate tamaa. Tafuta matrekta ya Cub Cadet ya wakati yalipotengenezwa na kampuni ya International Harvester, yaani kabla ya 1981, au Simplicity na Allis-Chalmers, ambazo hapa kwetu Wisconsin zimejaa kwenye mabanda. Mimi binafsi ninazipenda Case na Ingersoll zilizotengenezwa Winneconne, hapahapa Wisconsin, kwa kuwa trekta lenyewe huendeshwa kwa mota ya haidroliki na rotaveta yake ina mota yake ya haidroliki pia. Unaunganisha mipira miwili na kazi inaanza, bila mkanda wowote wa kukatika. Hakikisha tu kwamba hilo unalolinunua limefungwa njia ya haidroliki ya kupeleka oili kwenye kifaa cha nyuma, kwa maana si yote yaliyokuwa nayo.

Mama_Lengalenga

Ndugu yangu, mimi ninatoka Bukavu na sasa nipo Maine, ambako theluji nayo hatuikosi. Fundi amesema kweli kuhusu trekta, lakini naongeza mambo ambayo mtu huyajua baada ya kukwama.

Trekta la kilo 400 bila minyororo ya tairi litazungusha magurudumu mahali pamoja kwenye barafu. Nunua minyororo pamoja na trekta, wala usingoje Desemba, na uweke uzito nyuma, kwa sababu mashine ya theluji ikining'inia mbele huyapunguzia mzigo magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yanayosukuma. Wengine hujaza tairi maji ya kloridi ya kalsiamu, lakini hayo hula ringi yakivuja. Vyuma vya kufunga kwenye ringi ni bora.

Kwa kuwa njia yako ni ya changarawe, usiiruhusu mashine ikwangue ardhi. Ina vyuma viwili vya kutelezea pembeni. Virekebishe ili mdomo uwe juu kama sentimita tatu, uache theluji ya kwanza ishindiliwe na kugandana na mawe, kisha utupe ile inayofuata juu yake. Usipofanya hivyo utarusha mawe kwenye madirisha ya jirani. Na mdomo wa kutupia ukiziba kwa theluji ya majimaji, zima injini kabisa, ungoje kila kitu kisimame, halafu uzibue kwa kijiti. Usiingize mkono kamwe, hata injini ikiwa imezimwa, kwa sababu parafujo (skrubu kubwa inayokusanya theluji) iliyobanwa inaweza kubaki na mkazo na ikazunguka unapoiachia.

Kuhusu bustani: nyasi za miaka mingi usizivamie kwa rotaveta moja kwa moja, kwani mizizi itajisokota kwenye visu. Zifunike kwa turubai jeusi majira yote ya kiangazi, au ulime kwanza kwa plau kabla ya baridi, ili barafu iyavunje mabonge yenyewe. Udongo wa mfinyanzi usiulime ukiwa na maji. Chukua kiganja, ufinyange, uudondoshe. Ukivunjika unalimika, ukibaki donge subiri. Mimi niliharakisha mwaka wa kwanza kwa hamu ya kupanda lengalenga, ambayo ninyi mnaiita mchicha, na nikapata matofali yaliyonisumbua mpaka Oktoba. Kabla ya kuchimba popote, piga simu namba 811 waje kuweka alama za nyaya na mabomba ya chini, hawatozi kitu.

Baba_Pacha

Ninaheshimu maoni ya waliotangulia, lakini robo ekari si shamba kubwa. Fikiria trekta la magurudumu mawili la kutembea nyuma yake, kama BCS ya Italia, ambalo nalo hupokea rotaveta na mashine ya theluji kwa zamu, hugeuka mahali padogo, na giaboksi yake ni ya gia za chuma. Udongo unalimwa vizuri zaidi kwa sababu tairi hazikanyagi ulipokwisha kulima.

Fundi_Mnyakyusa

Kaka Baba Pacha, kwa bustani peke yake ningekubaliana nawe bila kusita. Lakini ndugu yetu ana mita 60 za theluji na mgongo unaouma, na kutembea nyuma ya mashine saa kumi na moja alfajiri katika baridi ile si sawa na kukaa. Tena kwa dola 3,000 ni vigumu kupata mashine hiyo ikiwa na vifaa vyote viwili.

Mkulima_wa_Minnesota

Nawashukuru sana, kaka na dada zangu. Mmenibadilisha mawazo, na Jumamosi ninakwenda kulitazama lile 318. Naomba mnieleze niangalie nini, kwa kuwa mimi si fundi.

Fundi_Mnyakyusa

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika, na ukifika uguse injini kwanza. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini. Iwake ikiwa baridi, na utazame moshi: wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua. Injini ya Onan ya silinda mbili hupozwa kwa hewa na huzibwa na nyasi zinazojikusanya chini ya mabati yake, kwa hiyo muulize lini yalifunguliwa na kusafishwa. Usilichukulie jambo hili kuwa dogo, maana injini hiyo haitengenezwi tena na spea zake ni ghali. Ukiweza, nenda na mtu mwenye kipimo cha mgandamizo, yaani presha ndani ya silinda, apime silinda zote mbili, nazo zisitofautiane sana.

Kisha uliendeshe kwa nusu saa nzima, uweke rotaveta ardhini akikuruhusu, halafu ulipandishe kwenye mwinuko likiwa la moto. Haidrostatiki iliyochoka huenda vizuri ikiwa baridi na kulegea ikipata joto, na wauzaji wengi wanalijua hilo. Inua rotaveta, uzime injini, na ungoje dakika kumi. Ikishuka kidogo ni sili (mpira wa kuzuia oili isivuje), ikianguka upesi punguza bei. Tikisa magurudumu ya mbele kwa mkono uone kama yanalegea. Kwenye mashine ya theluji tazama bolti zinazopaswa kukatika zenyewe jiwe likikwama: ukikuta mtu ameweka bolti ngumu za kawaida mahali pake, chunguza giaboksi ya parafujo kwa makini, kwani huenda ndiyo iliyobeba mapigo yote. Mwisho tazama fremu chini kwa tochi, hasa panaposhikwa vifaa, kama ina ufa au welding ya kienyeji.

Mkulima_wa_Minnesota

Nimerudi nalo, ndugu zangu. Iliwaka ikiwa baridi, ikapanda mlima ikiwa ya moto bila kulegea, na mgandamizo ulikuwa karibu sawa pande zote. Rotaveta ilishuka kwa upana wa vidole vitatu, na moja ya bolti za mashine ya theluji ilikuwa ngumu kama ulivyosema, ingawa oili ya giaboksi yake ilikuwa safi. Tumekubaliana dola 2,250. Swali langu la mwisho: rotaveta ni nzito. Je, naweza kuiacha nyuma majira ya baridi iwe ndiyo uzito wa magurudumu?

Mama_Lengalenga

Nilijaribu. Uzito unafaa, lakini unapogeuka karibu na gari au banda inapiga kona kwa nyuma bila wewe kuiona, na theluji yenye chumvi ya barabarani inaila. Ioshe, uipake grisi, uiweke ndani, kisha ufunge sanduku la chuma lenye mifuko ya mchanga mahali pake. Mchanga huohuo utaumwaga kwenye barafu utakapokwama.

Fundi_Mnyakyusa

Na kabla theluji haijaanguka, badilisha oili ya haidrostatiki pamoja na chujio lake, na uweke bolti sahihi. Nunua kumi, uzifungie kwenye kopo chini ya kiti.