Chakula cha Peru hapa Nairobi: tumpeleke mathe ama tuachane nayo?

Odhis_Umoja2
Habari zenu wadau, naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi. Mathe anafikisha miaka 60 na mimi na dada tumekuwa tukiweka pesa kidogo kidogo tangu Januari tumtoe mahali pa maana, nyama choma ameshakula vya kutosha. Sasa dada anafanya kazi na wale watu wa utafiti wa viazi, ofisi yao kubwa iko Lima na hapa wako Uthiru kwa ILRI, ile taasisi ya utafiti wa mifugo, mwaka jana walimpeleka huko wiki mbili na tangu arudi ni Peru asubuhi Peru jioni, ceviche (samaki mbichi ya ndimu) hii, lomo saltado ile, ameshikilia tumpeleke mathe akaonje. Lakini mathe ni mtu wa Kisumu. Samaki kwake ni ya kukaanga ikauke ama ya mchuzi wa nyanya, mbichi hajawahi weka mdomoni na pia ana presha. Kuna mahali hapa Nairobi mnaniambia niende? Na hiyo samaki ya ndimu ni salama kweli?

Nyakio_K
Pale panajulikana ni Inti, iko One Africa Place Westlands, ile jengo ndefu ya vioo ukiwa Waiyaki Way. Ila mjue wao ni Nikkei, yaani chakula cha Wajapani waliohamia Peru, wale wa kwanza walifika 1899 na meli inaitwa Sakura Maru wakaenda kufanya kazi kwa mashamba ya miwa. Hapo ndio ile mikono yao ya kukata samaki ilikutana na ndimu na pilipili za Peru. Kwa hivyo mtapata sushi kwa menyu hiyo hiyo, dada yako asishangae. Pigeni simu mapema mbuk meza na muwaambie ni siku ya mathe, na muulize kama bei za menyu ziko na VAT ya 16% na ile levi ya utalii ya 2% na service charge, juu mkiwa watu watano hiyo tofauti mtaisikia.

jiko_la_baridi
Mimi ni mpishi, niko hoteli moja hapa tao, kwa hivyo swali la samaki niachieni. Watu wengi wanadhani ndimu imepika ile samaki. Ndimu inageuza nyama inakuwa nyeupe na kukaza venye moto ungefanya, lakini minyoo ikiwa ndani haiuliwi na ndimu. Inauliwa na baridi kali, digrii 20 chini ya sifuri siku 7 mfululizo, na friji ya nyumbani ile ya kufunguliwa kila saa usiitegemee. Kwa hivyo ukikaa mezani muulize weita bila aibu: hii ni samaki gani, imetoka wapi, ilipita friza? Jikoni panapofanya kazi vizuri watakujibu hapo hapo. Unataka ya bahari, kolekole, tewa, jodari. Tilapia ya ziwa mbichi hapana, hata ukiambiwa imevuliwa leo asubuhi.

Na angalia kipande chenyewe. Ceviche nzuri inachanganywa ukishaagiza, dakika chache tu, ukikata katikati bado kuna ule mng'ao kama kioo chenye ukungu. Kuna mahali nilikula upande wa Kilimani samaki ilikuwa imelala kwa ndimu tangu asubuhi, ilikuwa inavunjika kama chaki, nikaumia roho juu hiyo samaki ilisafiri kutoka Pwani ije kuharibiwa hivyo. Ile maji inabaki chini kwa sahani inaitwa leche de tigre, maziwa ya chui milia, na haina maziwa. Ni ndimu, maji ya samaki, kitunguu, dhania na pilipili. Usiimwage. Lakini mathe wa miaka 60 na presha simlazimishii mbichi.

MamaTaji
Kwani Peru ni samaki mbichi peke yake? Mwagizie lomo saltado, ni nyama ya ng'ombe imekatwa vipande virefu ikapigwa moto mkali na kitunguu, nyanya, siki na soya, inakuja na chipsi na wali sahani moja. Hiyo ililetwa na Wachina walioanza kufika huko 1849. Halafu muulizie anticuchos. Ni moyo wa ng'ombe kwa vijiti, na waliouendeleza ni Waafrika waliopelekwa Peru utumwani, mabwana wakichukua nyama wanaachiwa za ndani. Nilipoambiwa hivyo nilikuwa nimeshika kijiti cha pili, nikakiweka chini kwanza. Inanukia makaa kabisa kama mishikaki ya jioni. Hiyo mathe atakula.

Baba_Githurai
Odhis ndugu yangu, hii siku ni ya mathe ama ya dada? Mmemuuliza yeye anataka nini? Mimi singemweka mzazi mahali atakaa na hofu ya kushika uma.

jiko_la_baridi
Baba ameongea. Odhis, kuna kitu inaitwa escabeche, samaki inakaangwa kwanza ndio inamwagiwa vitunguu vingi vya siki na pilipili. Muulize mathe na hiyo.

Odhis_Umoja2
Wadau nimerudi. Baba_Githurai ulinigusa, nilimpigia mathe nikamuuliza, akasema anataka kuona dada alikuwa anakula nini huko mbali. Basi tukaenda lunch. Dada akaagiza ceviche yake, mathe akaiangalia muda, akachukua kile kiazi kitamu cha pembeni akala, halafu akachovya kijiko kwa yale maji na kusema "hii ni kachumbari imewekewa samaki." Vipande vyenyewe hakugusa na hakuna mtu alimsukuma. Lomo saltado alimaliza, chipsi na wali zote.

Escabeche haikuwa kwa menyu, lakini nikamweleza vile jiko ulisema. Jana amenipigia kutoka Kisumu, amekaanga mbuta na kuweka vitunguu vya siki juu, anataka nimuulize mpishi: hivyo vitunguu viive kabisa ama vibaki vikilia kwa meno?

jiko_la_baridi
Vibaki vikilia kidogo. Na mwambie aiache ipoe na hiyo siki kama saa moja hivi kabla hajapakua.