Nyumba za kale za Marekani: zilindwe za nani?

Wadau, mchangiaji aliyetangulia ametoa hoja kwamba miji mikongwe ya Marekani ifute sheria za kulinda nyumba za kale. Anasema zinapandisha kodi ya pango, zinakwamisha ujenzi na zimewafaa wakubwa tu, na isitoshe nyumba zenyewe zinafanana tangu Boston mpaka New Orleans. Kwenye wakubwa ana hoja, nitaifikia. Kwenye kufanana nakataa kabisa.

Chukua Philadelphia na Baltimore, miji inayochanganywa kila siku kwa kuwa yote imejaa nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Nyumba ndogo ya kale ya Philadelphia ina ghorofa tatu, kila ghorofa chumba kimoja, na ngazi nyembamba inayojizungusha kwenye kona. Walikaa humo mafundi na vibarua. Ukienda Baltimore, vidato vya mlangoni ni vya marumaru nyeupe kutoka machimbo ya Cockeysville, nje kidogo ya jiji, na akina mama walivisugua kwa jiwe mpaka ving'ae. Halafu kuna nyavu. Mwaka 1913 William Oktavec, mhamiaji wa Kicheki mwenye duka la vyakula, alichora matunda na mboga kwenye wavu wa mlango wa duka lake. Majirani wakagundua faida yake: aliye ndani anaona barabara, mpita njia haoni ndani. Mitaa ya East Baltimore ikajaa nyavu za rangi, nyingi zikiwa na kijumba chenye paa jekundu na bata maji kwenye bwawa. Philadelphia huzikuti hizo.

Kusini ndiyo usiseme. Nyumba ya shotgun ya New Orleans ina upana wa chumba kimoja, vyumba vinafuatana bila korido, ukitaka kwenda jikoni unapita vyumbani mwa watu. Mtafiti John Michael Vlach alifuatilia asili yake hadi Haiti, na kutoka huko hadi kwa Wayoruba. Wapo wanaompinga, lakini mimi naona ana uzito, maana mwaka 1809 jiji hilo lilipokea maelfu ya watu waliotokea Haiti kupitia Cuba, wengi wao Weusi. Charleston nako nyumba ni nyembamba, ila imeipa barabara ubavu, na mlango wa barabarani unakuingiza kwenye baraza ndefu kabla hujafika ndani. Nyuma ya zile za matajiri kulikuwa na jiko na vyumba vya watumwa. Anayezisifia asiliruke hilo.

Sasa sheria. Charleston ilianza mwaka 1931, French Quarter, mtaa mkongwe wa New Orleans, ikafuata 1936, na Beacon Hill, mtaa wa matajiri wa Boston, 1955. Miaka mitatu tu baada ya Beacon Hill kulindwa, mtaa jirani wa West End, wa Waitaliano na Wayahudi wasio na kitu, ulianza kubomolewa ili yajengwe maghorofa ya wenye nazo. Na pale Tremé, kando tu ya French Quarter, mialoni ya Claiborne Avenue ilikatwa mwaka 1966 kupisha barabara kuu, katikati ya mtaa wa Weusi. Kwa hiyo mwenzetu akisema ulinzi umewafaa wakubwa, hajakosea.

Dawa yake ndiyo siikubali. Ukifuta sheria leo, wa Beacon Hill ana wakili na ana pesa, nyumba yake haiguswi. Itakayoondoka ni shotgun ya bibi mjane.

Tena mara nyingi sheria iliyozuia makazi haikuwa ya ulinzi. Zile nyumba za mbao za Boston zenye familia tatu, moja juu ya nyingine, ziliwapa wahamiaji umiliki: unakaa ghorofa moja, kodi ya mbili inalipa mkopo. Nimewahi kupanga moja Dorchester, mtaa wa Boston. Vibaraza vitatu vimepandana nyuma, kamba za nguo, na jirani wa chini akikaanga vitunguu wewe unajua. Mwaka 1912 sheria ya Massachusetts iliiruhusu miji midogo kuzipiga marufuku, kwa vile wenyeji hawakuwataka watu wanaokaa humo. Mimi nataka zilindwe zilizopo na ziruhusiwe kujengwa mpya, kwa ramani ileile, popote penye kiwanja.

Na swali moja kwa mchangiaji. Baltimore ina maelfu ya nyumba tupu, madirisha yamezibwa kwa mbao. Watu waliondoka viwanda vilipofungwa, na tangu miaka ya 1930 mitaa ya Weusi ilitiwa rangi nyekundu kwenye ramani za mikopo, kwamba ni hatari kukopesha huko, mabenki yakawanyima wakazi mikopo ya nyumba. Kama kikwazo ni ulinzi, hizo zimebaki tupu kwa nini?